Kelele za Kisiagi

Siku ya Ijumaa, Kanini angesoma mbele ya mwalimu mkuu. Akishindwa, angerudishwa gredi ya pili, akae dawati moja na mdogo wake, ambaye tayari alikuwa akimwita "mtoto wetu". Sasa ilikuwa Jumatano, na mimi, mwalimu wa kujitolea, sikuwa nimemsikia akisoma hata neno moja. Darasani alifungua kitabu, akatazama nyuso za wenzake, akafunga mdomo. Walikuwa wamemcheka mara moja tu. Ilitosha.

Ndiyo maana nilimleta kwenye kisiagi cha Kivuva, mashine ya kusaga mahindi sokoni Kanyangi. Injini ile ikinguruma, hata ukipiga nduru husikiki. Akina mama walikuwa wamepanga mahindi yao foleni, kwenye magunia yaliyowahi kubeba vitu vingine. Niliinama, nikatega sikio mdomoni pake.

"Soma yaliyoandikwa kwenye gunia. Hakuna anayekusikia."

Midomo ilicheza. Kisha nikasikia: "M-che-le." Gunia la pili: "Su-ka-ri." Akasonga mbele, sauti ikipanda, unga ukimtanda nywele. Nilifurahi, lakini moyo haukutulia. Ijumaa hakungekuwa na injini.

Dizeli ikaisha. Injini ikakohoa, ikanyamaza.

"... CHA KUKU WA MAYAI!"

Sauti ya Kanini ilijaa chumba kizima. Vichwa viligeuka, kicheko kikalipuka. Kanini alijificha nyuma yangu, vidole vikivuta rinda langu. Nilitaka kumshika mkono tukimbie.

Mwenye gunia, Syombua, alishika kiuno. "Kumbe miaka yote hii natembea nikijitangaza!"

"Na hujataga hata moja!" mwenzake akamrushia.

Syombua alimchungulia Kanini. "Mama, wananicheka mimi, si wewe. Hebu niambie, hapo chini wamesema nini tena juu yangu?"

Kanini alitokeza jicho, halafu kichwa.

"Hi... hifa... hifadhi. Mahali. Pa... pakavu."

"Mmesikia?" Syombua alipiga makofi. "Mvua ikinyesha, mnibebe!"

Wakacheka tena. Kanini naye alicheka, akapiga magoti mbele ya gunia, kidole kwenye mstari uliofuata.

Kivuva alikuwa ameshamimina dizeli. "Haya, tunawasha!"

"Anko, ngoja," Kanini akasema bila kugeuka. "Sijamaliza."