Koti la Kukulia

Fundi cherehani mmoja, mama mjane, alikuwa na kanuni moja asiyoivunja: nguo ya mtoto hukatwa kubwa, kwa sababu mtoto haamki na mwili aliolala nao. Mwanawe wa pekee alivikwa hivyo tangu utotoni, mikono ya shati ikimmeza vidole, na kabla nguo haijapauka ikawa imeshamtosha. Mtaani walimwita Mlingoti. Alikuwa na miaka kumi na mitano, urefu wa mlango, na akili ya kuku aliyeona mahindi.

Siku aliyokamatwa alikuwa na wenzake wawili, waking'oa vioo vya pembeni vya gari lililoegeshwa nyuma ya duka la dawa. Mwenye gari alipotokea, wote wakatimua mbio. Mlingoti akarudi kuchukua kandambili zake, maana mama alishamwonya kwamba akipoteza jozi nyingine atatembea peku. Wakamdaka hapo, kandambili mkononi. Mwizi gani aliyekomaa anarudia kandambili? Lakini polisi walimtazama juu mpaka chini, wakaandika kwamba ana miaka kumi na tisa, wakaenda kunywa chai.

Basi kesi nzima ikaning'inia kwenye umri huo. Akiwa mtoto, ataonywa na kurudishwa nyumbani chini ya uangalizi wa afisa ustawi wa jamii. Akiwa mtu mzima, ni gereza kuu, pamoja na majambazi waliokubuhu. Kadi yake ya kliniki ilioza zamani paa lilipovuja, na mkunga aliyempokea alishatangulia mbele ya haki. Hakimu akasema atamtazama mwenyewe siku ya hukumu na kuamua.

Jirani yao, karani mstaafu wa mahakama, alimshauri mama kwa nia njema. "Hakimu anahukumu kwa macho kwanza, dada yangu. Mpeleke kijana nadhifu. Akionekana muhuni, umekwisha."

Fundi akatoa sandukuni koti la marehemu mumewe, akalifumua, akalikata upya. Mtoto alikuwa mahabusu, hakuweza kumpima, kwa hiyo alitumia vipimo alivyovijua kwa moyo na kuongeza nafasi ya kukulia, kama kawaida yake. Mabega yalipobonyea aliyajaza pedi nene mpaka yakakaa sawa. Alishona kwa mapenzi, na sitamcheka kwa hilo, maana wengine wetu hata kifungo cha shati hatujawahi kumshonea mtu tumpendaye.

Asubuhi ya hukumu alimvalisha kwenye korido ya mahakama, akarudi nyuma hatua moja kumtazama. Alijisikia fahari, kwa mara ya kwanza tangu balaa lianze. "Simama wima, baba," akamnong'oneza. "Usilielie. Ukiulizwa, jibu kwa sauti nzito." Mtoto ambaye hakuwahi kumsikiliza hata alipomtuma dukani, siku hiyo alimtii kila neno.

"Una miaka mingapi?" hakimu aliuliza.

"Kumi na mitano, mheshimiwa." Sauti yake, iliyovunjika mwaka huohuo, ilinguruma mpaka kwenye viti vya nyuma.

Mwendesha mashtaka alitabasamu. "Mheshimiwa, mtoto mwenye mabega haya, ningependa kujua kwao wanakula nini." Watu wakacheka. Askari naye alicheka.

Fundi akasimama. "Mheshimiwa, hayo mabega ni pedi. Nimeyashona mimi. Mvueni koti mumwone, ni mifupa mitupu mle ndani."

"Kaa chini, mama."

"Mvueni tu, mheshimiwa."

"Nimesema kaa. Hapa ni mahakama, si mahali pa kujaribia nguo."

Wakacheka tena, kwa nguvu zaidi, maana utani wa hakimu haukosi wachekaji. Hakimu akapandisha miwani, akamtazama kijana kwa muda ambao mtu hutumia kuchagua nyanya sokoni. Mahakama imejiridhisha, alisema, kwamba mshtakiwa ni mtu mzima. Miaka miwili. Akaita kesi inayofuata.

Fundi aliporuhusiwa kumtembelea alikuwa ameshaapa kwamba hatakalishwa chini tena. Getini, askari alipomkabidhi lile koti kwenye mfuko wa nailoni, yeye alimwambia kwamba mwanawe ni mtoto. Akamwambia na aliyempekua. Alipoingia ukumbi wa wageni na kukaa mbele ya wavu, akaanza upya, kwa sauti ya kusikika ukuta hadi ukuta: mtoto wa miaka kumi na mitano, hajui hata kunyoa ndevu, mnamchanganya na wanaume! Askari walipiga miayo. Upande wa pili wa wavu, mfungwa mmoja aliyekuwa akifagia ndiye pekee aliyesimamisha kazi kumsikiliza.

"Pole sana, mama," alisema kwa adabu. "Ni yupi huyo?"

"Yule mrefu aliyekuja juzi juzi. Mlingoti." Ilimfariji kwamba mle ndani kumbe kuna mwenye utu.

Mlingoti aliletwa ameishika suruali ya gereza kwa mkono isimdondoke. Alikaa, akatazama kulia na kushoto, kisha akainamia wavu.

"Mama, usimtajie mtu umri wangu."

"Nakata rufaa, baba. Lazima wajue."

"Kata, lakini si humu. Humu nimesema nina miaka ishirini na mbili na mke nyumbani. Wakijua wewe ni mtoto wanakula chakula chako, unafua nguo za chumba kizima, unalala chooni. Aliyekuwepo kabla yangu walimvunja mkono. Mimi hawajanigusa. Niliingia na lile koti wakadhani ni mtu mzito. Wananiita Bwana Koti." Akajaribu kucheka. "Jina la nyumbani hawalijui."

Mama akaukumbatia mfuko wa nailoni.

"Hujamwambia mtu, mama?"

"Hapana, baba," akasema.

Nyuma ya mwanawe, yule mfungwa aliegemeza ufagio ukutani, akaja polepole, akamwekea kijana mkono begani. Akaminya, kama anayetafuta kitu mle ndani.

"Mlingoti," akaita kwa upole. "Ukishaagana na mama, nina nguo zangu za kufua."