Kizibao cha Zamu

Shule ile ilipenda matangazo kuliko ilivyopenda chaki. Kila Ijumaa, kabla watoto hawajavua viatu nyumbani, simu za wazazi zilikuwa zimeshalia: soksi ziwe nyeupe, kucha zikatwe, mtoto asije na peremende, mzazi asimshike mwalimu gumzo wakati wa vipindi, geti litafungwa kengele ikilia na atakayelikuta limefungwa asilaumu mtu. Mwalimu mkuu aliyaandika mwenyewe, na kila tangazo alilimaliza kwa maneno yale yale: "Tunatarajia ushirikiano wa kila familia." Wazazi walinung'unika, wakataniana, mwisho wakatii.

Baada ya msiba likaja tangazo la aina nyingine. Familia zingepeana zamu ya kuvusha watoto barabara iliyo mbele ya shule, kila familia wiki yake, nyumba kwa nyumba mpaka mtaa uishe. Mwenye zamu angevaa kizibao cha kung'aa na kushika kibendera. Afike kabla ya mtoto wa kwanza, aondoke baada ya wa mwisho. Simu aiache mfukoni. Wadogo awashike mkono, wakubwa awaongoze kwa kibendera. Jumamosi kizibao kifuliwe na kuanikwa, Jumapili kipelekwe kwa familia inayofuata. Lile tangazo la geti na kengele halikuonekana tena, na hakuna aliyeuliza limekwenda wapi.

Msiba wenyewe ulikuwa huu: mtoto wa msusi alisikia kengele inalia akiwa bado ng'ambo, akaona mlinzi ameshika komeo, akatimua mbio. Gari la maji lilikuwa linapita. Aliyekuwa kwenye usukani alikuwa mtu wa mtaa huo huo, naye ana binti katika shule hiyo hiyo. Polisi walipima barabara kwa futi, wakakagua breki, wakamnusa mdomo, wakaandika, kisha wakamwambia aende nyumbani, hana kosa. Huna kosa. Maneno mawili tu, na yule bwana hakujua ayaweke wapi. Kesho yake alirudisha funguo kwa tajiri, akaenda kutafuta kazi ya kupakia mbao kiwandani. Usukani hakuugusa tena. Watu waliendelea kumwita Dereva, wengine kwa mazoea, wengine makusudi.

Binti yake walimwita Kasuku, jina alilompa babaye kwa kuwa alikuwa haishiwi maneno, anaongea akila, anaongea akioga, anaongea mpaka usingizi umkate kauli. Tangu msiba alikuwa kasuku wa jina tu. Shuleni alikuwa na benchi lake peke yake wakati wa mapumziko. Hakuna mtoto aliyemtukana, na pengine lingekuwa nafuu tusi, maana tusi unaweza kulijibu.

Jumamosi zilimpata vibaya zaidi. Kizibao kile cha rangi ya limau kilikuwa kikianikwa kwenye kamba ya mwenye zamu, na watoto wa nyumba hiyo walikaa karibu wakijishaua, wanakilinda kana kwamba kuna mwizi wa vizibao duniani. Jumamosi moja kikaanikwa kwa fundi redio, jirani wa kushoto. Jumamosi iliyofuata Kasuku aliamka mapema, akafagia uwanja bila kuambiwa, akaipangusa kamba yao kwa kitambaa. Kizibao kikaonekana kwa muuza viatu, jirani wa kulia.

"Baba," Kasuku akauliza, kitambaa kikiwa bado mkononi, "sisi si familia?"

Mkewe Dereva aliingia ndani ghafla kama aliyesahau kitu jikoni. Dereva akabaki naye uwanjani. Angeweza kumdanganya, mbona wazazi wanadanganya kila siku na dunia inaendelea. Akakosa uongo wa kutosha.

"Nitakwenda kuuliza," akasema.

Jumatatu aliomba ruhusa kiwandani, akaenda ofisini kwa mwalimu mkuu, vumbi la mbao likiwa bado kwenye nyusi. Mwalimu mkuu alikuwa mwanamke mnene wa sauti kubwa, lakini alipomwona mlangoni sauti yote ikamwishia.

"Karibu, baba. Kaa."

"Nimekaa sana, Mwalimu. Zamu imeturuka."

"Haikuwaruka. Tumewapumzisha."

"Tumepumzishwa nini? Hatujachoka."

Mwalimu mkuu akapanga kalamu zilizokuwa zimeshapangika. "Nikuambie kweli? Nikikusimamisha pale, wapo wazazi watakaowageuza watoto wao njiani wawarudishe nyumbani. Nitawajibu nini?"

"Na wangu nimjibu nini? Anakaa peke yake, Mwalimu. Umemwona. Akipata zamu kama wenzake, angalau watakuwa na la kuongea naye."

"Nimemwona." Alitazama dirishani, kule kengele ilikoning'inia. "Mimi ndiye niliyepiga kengele siku ile, unajua hilo? Kwa mkono wangu. Nami hakuna aliyenipima kwa futi." Akaliacha dirisha. Sauti ikawa ya ofisini. "Mwenye neno hapa ni mtu mmoja tu. Yeye akikubali, mimi ni nani?"

Dereva alijua ni nani bila kutajiwa. Hakuwahi kusimama mbele ya mama yule tangu mazishi, na hata siku hiyo alisimama nyuma kabisa, karibu na wachimba kaburi, na mtu mmoja akamnong'oneza kwamba ingefaa aondoke. Mtaani wakikutana alikuwa akikata kona. Siku mbili alipiga moyo konde asubuhi, jioni moyo ukawa umelegea. Ya tatu akaenda.

Chumba cha msusi kilikuwa na kioo kimoja, benchi, na mafungu ya nywele za kusukia yaliyoning'inizwa kwenye misumari. Alikuwa amemweka mteja chini kati ya magoti yake, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imetimka. Mteja alipomwona aliyeingia alitaka kuinuka, akakumbuka hali ya kichwa chake, akatulia.

"Nina shida moja, mama," Dereva akasema.

"Iseme ukiwa hapo hapo mlangoni."

Akaisema. Aliisema vibaya, akianzia mwisho, akirudi mwanzo, akitaja kamba na kitambaa na benchi la mapumziko. Msusi hakuinua uso. Vidole vyake viliendelea kwenda, vinagawa, vinapitisha, vinakaza.

"Basi wakupe," akasema alipofika mwisho wa msuko. "Usimame pale, uwavushe wote salama salimini, asubuhi na jioni, wiki nzima asikwaruzike hata mmoja. Halafu mimi nifanye nini? Nikae hapa nijiambie, kumbe mtu huyu anajua kuvusha watoto?"

Lilikuwa swali la haki na hakuna aliyewahi kumuuliza Dereva la haki kama hilo, hata polisi.

"Nimekuelewa," akasema. "Sitaomba tena." Akageuka.

"Wewe wamekuruka mara moja unalia," msusi akasema nyuma yake. "Mimi je?"

Akasimama.

"Zamu imepita mtaa huu. Wa kushoto kasimama, wa kulia kasimama. Nikaenda kuuliza kama wewe. Nikaambiwa, kwa adabu sana, zamu ni ya wenye watoto shuleni." Vidole vikasimama kwa mara ya kwanza. "Barabara ile ni ya nani kama si yangu?"

Mteja alikuwa akitazama sakafu kana kwamba kuna maandishi.

"Nipe zamu yako," msusi akasema. "Mwambie Mwalimu ni wiki ya binti yako, na atakayesimama ni mimi. Ila wiki hiyo nisikuone barabarani, hata kwa mbali. Na usiende kutangaza kwamba nimekusamehe. Waliopima kwa futi walishasema hakuna cha kusamehe. Sasa mimi nimsamehe nani?"

Akarudi kwenye kichwa cha mteja. Dereva alitaka kusema asante, neno likagoma kutoka, na nadhani lilifanya vyema.

Wiki ile ilipofika, Dereva alikwenda kazini kwa njia ya nyuma, ya mtaro, viatu vikichapa tope. Hakuona lolote. Kila jioni alimsubiri Kasuku arudi, akijifanya ana msumari wa kugongea mahali.

"Kasimama?"

"Kasimama. Kizibao kimemshinda upana, kakifunga kwa kipande cha nywele za dukani kwake."

"Watoto wamevuka?"

"Wamevuka wote. Wadogo aliwashika mkono." Kasuku akajitazama kiganja. "Na mimi alinishika."

"Wewe si mdogo. Uko darasa la nne."

"Ndiyo. Wenzangu wa darasa la nne walipita kwa kibendera. Mimi alinishika mpaka mkono ukaniuma."

"Ungemwambia."

"Sikumwambia," Kasuku akasema, akaenda kuvua sare.

Siku ya pili alishikwa tena. Na ya tatu. Mkewe Dereva akasema labda wamwombe Mwalimu aingilie kati, mtoto asije akatolewa hasira asizozijua. Dereva akasema asubiri. Hakuwa na uhakika. Usingizi wake wiki hiyo ulikuwa wa mang'amung'amu, naye alihesabu kila saa ya asubuhi mpaka alipojua kengele imeshalia, na kwamba mtoto amevuka.

"Huwa anakuambia nini mkiwa pale?" akauliza.

"Ngoja," Kasuku akasema.

"Nangoja, sema."

"Ndiyo hilo analosema. Ngoja. Ngoja. Ngoja. Hata barabara ikiwa tupu, baba. Gari liko mbali huko hata halionekani, yeye anasema ngoja. Kengele ikianza kulia ndiyo kabisa, hanyanyui mguu mpaka inyamaze. Sisi tunachelewa, na Mwalimu mkuu anatuona, na hasemi kitu. Geti linaachwa wazi."

Dereva akaweka nyundo chini. Alikaa juu ya kizingiti, akashika tama, na Kasuku akamwangalia kwa woga kidogo, kwa sababu baba yake alikuwa analia bila sauti na hakujificha.

Ijumaa simu ya mkewe ikalia. Soksi ziwe nyeupe. Mitihani inakaribia. Na chini, katika mstari wake peke yake: shule inaishukuru familia ya mwanafunzi wa darasa la nne kwa kusimamia zamu yake bila dosari. Mkewe aliusoma mstari huo kwa sauti, akausoma tena kimoyomoyo, akazima simu. Hakuna aliyefurahi. Kushukuriwa kwa mgongo wa mama yule kulikuwa kama kuvaa nguo ya maiti.

Kasuku aliingia amekumbatia kizibao. Mama yake akanyoosha mkono kukipokea, mtoto akarudi nyuma.

"Kasema kusimama kasimama yeye. Kufua ni kwetu." Akamgeukia babaye. "Kasema baba ndiye afue."

Jumamosi asubuhi Dereva alichota maji, akaketi na beseni nje, watu wakipita. Kizibao kilinukia mafuta ya nywele, na shingoni kilikuwa na jasho la mtu aliyesimama juani. Alikifua taratibu, kola, mabega, kwapa, kama anavyooshwa mtoto mchanga. Alikisuuza mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Kisha akakianika kwenye kamba ile iliyopanguswa wiki zile, akaingia ndani haraka kama mwizi.

Kutoka dirishani alimwona Kasuku ameleta ndoo, ameipindua, ameketi chini ya kizibao. Alikaa hivyo muda mrefu bila mtu. Baadaye binti wa muuza viatu akaja hadi kwenye ukingo wa uwanja wao, akasimama na mguu mmoja, akauliza jambo. Kasuku akajibu. Akajibu tena. Dereva hakusikia wanasema nini, ila aliyajua yale mabega ya mwanawe, yale yanayopanda na kushuka anaponogewa na maneno.

Jua lilipokuwa kali, msusi akatokea njiani na kikapu chake cha sokoni. Binti wa muuza viatu akanyamaza, akaondoka zake. Kasuku akasimama kwa heshima. "Shikamoo."

"Marahaba."

Msusi hakutazama nyumba. Alisogea kwenye kamba, akaweka kikapu chini, akakibinya kizibao begani, kisha akapitisha vidole ndani, pande zote mbili, kama alivyokuwa akifanya miaka yote na nguo moja ndogo ya shule ambayo sasa haikuwa na wa kuivaa.

"Kwapani bado kibichi," akasema kwa sauti ya kufika dirishani. "Kigeuze."

Dereva akatoka, peku. Akapita mbele yake akiwa ameinamisha macho, akakitoa kizibao kwenye kamba, akakigeuza ndani nje. Msusi alisimama mpaka akamaliza. Kisha akachukua kikapu chake akaenda, bila kuaga, na Dereva akabaki amekishika kile kizibao juu ya kamba kwa mikono miwili, anaogopa kukiachia.