Vifungo Juu ya Vigae

Watu wasioujua vizuri mchezo wetu husema mpiganaji wa deraya ya ngozi ni wa kufa mapema. Wanasema hivyo wakiwa wamejipakia chuma mwili mzima, hata kuinama kuokota upanga kwao ni shughuli. Mimi nimecheza mpiganaji wa ngozi tangu siku ya kwanza nilipokaa kwenye sakafu ya chumba cha kushonea, na nimechoka kufundishwa. Mpiganaji wa ngozi hauawi na ngozi yake. Anauawa na mwenye chuma aliyeahidi kusimama mbele, halafu akasogea.

Nitaeleza, na mniache nieleze kwa hasira, maana ndiyo niliyonayo.

Tunafanya kazi kwenye chumba cha kufulia cha hoteli, chini kabisa, mahali ambapo wageni hawafiki na madirisha nayo hayakufika. Saa ya chakula tunakula harakaharaka, kisha wanne tunaingia chumba cha kushonea na kufunga mlango. Fundi Cherehani, anayeshona mashuka yaliyochanika na sare za wahudumu, ndiye msimulizi wetu. Anakaa kwenye kiti chake, sindano mkononi, anatuambia tuko wapi: pangoni, ngomeni, kwenye daraja lililooza. Sisi watatu tunakaa chini. Vigae vya sakafu ndiyo hatua zetu, kila kigae hatua moja, na kile kilichopasuka karibu na mlango siku zote ni shimo. Wapiganaji wetu ni vifungo vya nguo. Anayetaka kupiga anarusha dadu, na dadu haina undugu na mtu.

Mimi ni kifungo kidogo cheupe cha shati, na mezani, yaani sakafuni, naitwa Ngozi. Mama Shuka, anayehesabu mashuka yanayoingia na kutoka, ni kifungo cha kijani, mganga wetu. Na wifi yangu, dada wa mume wangu, ni kifungo kikubwa cha shaba kilichobaki kwenye koti la bawabu aliyestaafu. Huyo ndiye mwenye chuma: deraya kuanzia utosini hadi kidole cha mguu, na ngao pana kama mlango. Amemcheza tangu kabla sijaolewa kwao na alikuwa hajawahi kufa.

Sisi wengine tumekufa sana. Na ukifa kwenye mchezo wa Fundi hakuna kufufuka. Anachukua kifungo chako, anakishona kwenye nguo ya kwanza katika rundo lake iliyopungukiwa kifungo, kifanane kisifanane, na nguo inakwenda zake. Aliweka sheria hiyo baada ya Mama Shuka kuzoea kulia na kuomba arudishiwe roho. Mpiganaji wangu wa kwanza yuko kwenye shati la mhudumu wa baa. Hunipitia kila mara akinuka pombe, na sina ruhusa ya kumgusa.

Kuishi ukiwa na ngozi tupu kuna kanuni zake. Usimalize zamu yako umesimama karibu na adui. Ingia, kata, toka. Usikubali kuzungukwa. Jua mlango uko wapi kabla hujajua adui yuko wapi. Na kubwa kuliko zote, uwe na mtu mzito wa kuyashika macho ya adui, ili wewe upate njia. Hiyo ya mwisho alinifundisha wifi mwenyewe. "Mimi nitasimama mbele," alikuwa akisema, "wewe pita pembeni." Tumeua majitu mengi kwa maneno hayo.

Ndiyo maana nilimwamini asubuhi ile.

Pasi namba mbili ina wazimu. Ni ile pasi kubwa ya mvuke ya kubana mashuka: unatandika shuka, unakanyaga pedali, kifuniko kinashuka. Cha namba mbili kinashuka kikijisikia. Kila mwanamke wa chini pale anajua, na kila mmoja amewahi kuruka nyuma. Wiki moja kabla ya asubuhi ile kilinishukia mkononi kabla sijautoa. Nilikuwa nimefungwa bendeji kuanzia kiganjani hadi kwenye kiwiko, na nikilala sikuweza kugeukia upande huo. Wifi ndiye mwakilishi wa wafanyakazi. Alikuja nyumbani, akala, akamwambia kaka yake mbele yangu, "Kesho tunaingia kwa Meneja. Mimi nitasimama mbele, wifi ataonyesha mkono." Mume wangu akamshukuru. Nami nikamshukuru, tena nikamwongezea chai.

Tukaingia. Meneja alikuwa na shati tu, kwa sababu koti lake lilikuwa kwa Fundi, limekatika kifungo cha tumboni. Hakutukaribisha kukaa. Akauliza kuna nini. Nikasubiri. Wifi akaitazama kalenda iliyotundikwa ukutani, akaitazama sana, utadhani ameona tarehe ya kufa kwake. Nikamgusa na kiwiko. Ndipo akafungua mdomo, akasema, "Labda siku ile kazi ilikuwa nyingi, bosi. Tulikuwa na haraka."

Tulikuwa! Sisi na nani? Damu ilinichemka hadi nikasikia masikio yanapiga kelele.

Meneja akatabasamu. Akasema mashine ni nzima, wabovu ni watu. Nikitoka kula niende namba mbili, niiwashe, nipige pasi mbele ya macho yake. La sivyo nitundike aproni, niende nyumbani, asinione tena. Kwenye korido nilimuuliza wifi kulikoni.

"Nimeona leo hayuko vizuri, wifi," akasema. "Tungemkasirisha bure. Nipe muda."

Maneno nilikuwa nayo, ila yote yalikuwa matusi, na huyu ni dada wa mume wangu.

Saa ya chakula sikula. Nilikaa kwenye vigae kwa sababu sikuwa na pengine pa kukaa, na kila nikiangalia mkono wangu nilifikiria ule mdomo wa namba mbili unaonisubiri. Fundi alikuwa na koti la Meneja mapajani. Alituangalia mmoja mmoja, akaona hewa imechafuka, akaanza tu.

"Mko kwenye chumba cha chini cha ngome," akasema. "Mlango mmoja, mwembamba. Juu kabisa kuna kidirisha. Mganga ameshapanda, yuko nje. Majitu yanakuja."

Wifi akasukuma kifungo chake cha shaba mlangoni. Kama kawaida yake. Mchezoni yeye ni mtu wa kusimama, tena anajikaza kisabuni hasa. Jitu la kwanza likampiga ngao, mimi nikapita pembeni, nikalikata nyuma ya goti, nikarudi. La pili vilevile. Mikono yetu ilikuwa inaelewana hata pale ambapo sisi hatuelewani, na hilo likaniuma zaidi. Kisha dadu ikamgeuka wifi.

"Ngao imevunjika," akasema Fundi. "Yanakuja mengine mawili. Zamu yako, Ngozi."

"Pita pembeni, wifi," akasema wifi, macho kwenye vigae. "Likate hili la kushoto, mimi nalizuia la kulia."

Nikakichukua kifungo changu. Nikakipeleka nyuma, kigae kwa kigae, mpaka chini ya kidirisha.

"Natoka," nikasema.

"Unatoka wapi?"

"Dirishani. Ngozi inapita. Chuma hakipiti."

"Utaniacha peke yangu?"

"Nimeona leo hawako vizuri," nikasema. "Tungewakasirisha bure."

Mama Shuka akaweka kiganja mdomoni. Fundi hakucheka. Alirusha dadu kwa ajili ya majitu, akarusha tena, na hakuwa na haja ya kusema kitu, kwa sababu wote tunajua kusoma dadu. Akainama, akakiokota kifungo cha shaba.

Wifi akalia. Si kulia kwa mchezo. Alilia mabega yakitikisika, machozi yakidondoka kwenye aproni. "Umenitosa," akasema. "Miaka yote hii nimekukinga, leo unanitosa mbele za watu."

Nilidhani nitasikia raha. Sikusikia hata tone. Nilipandwa na hasira nyingine juu ya ile ya kwanza.

"Unalilia kifungo!" nikamwambia. "Mkono huu hukuulilia. Nilipiga kelele humu ndani hadi jikoni wakasikia, ukanipaka dawa macho makavu, ukarudi kukunja taulo. Asubuhi umeniuza kwa kalenda. Halafu kifungo ndicho unachokililia!"

Fundi akatazama rundo lake, akatazama koti lililokuwa mapajani, la kwanza kabisa, na ile nafasi ya tumboni isiyo na kifungo. Vingine vyote vilikuwa vyeusi.

"Sheria ni sheria," akasema, akatia uzi kwenye sindano. Alikishona kwa uzi mara mbili, akakaza, akaukata kwa meno. Kisha akampa Mama Shuka koti alipandishe ofisini.

Kengele ya kurudi kazini ilipolia nilisimama mbele ya namba mbili. Nilikuwa na aproni bado, na sikuwa nimeamua lolote. Niseme ukweli, nilikuwa naogopa. Nyumbani tunategemea mishahara miwili, na mmoja ni huu wangu. Meneja akashuka, amevaa koti lake, amelifunga. Watu wa aina yake hawaangalii nguo zikitoka kwetu. Kifungo cha shaba kilikuwa kimekaa katikati ya tumbo lake, kinang'aa, na wanawake wote waliokuwa kwenye meza za kukunjia walikiona kabla yake.

"Haya, washa," akasema. "Tandika shuka."

Nikaiwasha. Mvuke ukapanda. Nikashika ncha ya shuka kwa mkono mzima, na ule mwingine ukaanza kupwita ndani ya bendeji.

Ndipo wifi akatoka kwenye meza yake. Nikasema moyoni, anakuja kueleza tena habari za haraka. Hakunitazama hata kidogo. Alikwenda moja kwa moja hadi kwa Meneja, akakishika kile kifungo tumboni mwake.

"Bosi, naomba kifungo changu."

"Nini?"

"Hiki ni changu. Nirudishie."

Meneja akajitazama tumbo kwa mara ya kwanza. Akarudi nyuma, lakini wifi hakuachia, wakaenda wote. "Umerukwa na akili? Ondoa mkono!"

"Siondoi. Wewe una vyeusi vyako. Hiki nimekaa nacho miaka, hukijui, nipe!"

Sauti yake ilikuwa ile ya mlangoni, ile ya mbele ya majitu. Sijawahi kuisikia ikitoka nje ya chumba cha kushonea. Meneja akageuka kujinasua, akanipa mgongo. Na mimi nikaona kile ninachokiona kila siku saa ya chakula: macho ya adui yameshikwa, mtu mzito amesimama, vigae vya pembeni ni vitupu.

Nikaliachia shuka. Nikapita nyuma ya namba mbili, nikapita nyuma ya mapipa ya sabuni, hadi ukutani penye koki kuu ya mvuke. Nikaifunga kwa mkono wangu mmoja mzima, nikakaza mpaka ikagoma. Pasi zote zikatoa pumzi ndefu, zikanyamaza.

Meneja akageuka. "Nani amezima?"

Kila mtu aliangalia chini. Mimi nilikuwa bado nimeishika koki, sina pa kujificha wala kidirisha cha kutokea. Wifi alikuwa amesimama katikati ya chumba, kifungo cha shaba ndani ya ngumi yake, uzi wa Fundi unaning'inia. Akanitazama, kwa mara ya kwanza siku ile. Akautazama mkono wangu.

"Sisi," akasema. Akasogea, akasimama kati yangu na Meneja. "Namba mbili haiwashwi, bosi, mpaka itengenezwe. Na ukimfukuza huyu, unanifukuza na mimi."

Hasira yangu haikwenda popote. Ninayo hadi leo, na kwenye chakula cha familia bado sijamwongezea chai. Lakini mlango wa nyuma, ule wa kutolea taka, ulikuwa hatua chache kutoka pale nilipokuwa, na ulikuwa wazi. Niliuona, maana huwa nauona kwanza. Sikutoka.