Usipike Bengal Bila Mimi

Siku Adongo aliporudi mtaani kwetu West Indies kuuza nyumba yake, mimi Jerop, jirani yake, niliamua kwamba hauzi. Sikumwambia. Nilienda sokoni nikanunua samaki.

Wacha nicheke kwanza. Mimi ni Mnandi. Nyanya yangu akiona samaki alikuwa anauliza huyo nyoka ameletwa na nani. Lakini kabla ya ile vita ya uchaguzi, mimi na Adongo, ambaye ni Mjaluo, tulikuwa na kitabu cha mapishi ya Kihindi, kinene, kila sura na jimbo lake, na picha za kukufanya ulambe karatasi. Kila Jumamosi tulikuwa tunapika jimbo moja jikoni kwake. Tulipika Punjab, tukapika Gujarat, Kerala ikatuunguza midomo tukakimbilia maziwa huku tunacheka kama wasichana wa bweni. Bengal, samaki wa mtindi, ilikuwa tuipike Jumamosi baada ya kura. Adongo alikuwa ameshakunja ukurasa.

Jumamosi hiyo hatukupika. Mnajua majirani walivyogeukiana kwa kabila, sitaki kurudia. Lori lilipokuja kumbeba yeye, mumewe Oluoch na watoto kwenda Kisumu, wengine walikuwa wanapakia magodoro, askari wanapiga kelele waharakishe. Yeye alinisukumia mikononi ufunguo wa nyumba na kile kitabu.

"Usipike Bengal bila mimi," akasema.

Nililia mpaka lori likapotea. Halafu nikaanika nguo zetu kwenye kamba yake, nikatundika pazia zangu kwenye madirisha yake, na vijana walipokuja na petroli wakanikuta mlangoni. Niliwatukana kwa Kinandi mpaka wakakumbuka mama zao. Nyumba haikuguswa.

Sasa miaka imepita, ananipigia simu eti amepata mnunuzi, mwalimu fulani kutoka Kesses, na anakuja kutia sahihi. Nilikasirika, nikafurahi kwamba nitamwona, nikakasirika tena. Maneno ya kumzuia sina, mimi si wakili. Nikafungua kitabu pale palipokunjwa.

Sokoni mama wa samaki aliniuliza, "Nikuparulie magamba?"

Mimi na kiburi changu, sikutaka ajue sijawahi kushika samaki tangu nizaliwe. Nikamwambia, "Magamba ndiyo utamu."

Alinitazama kidogo, akanifungia samaki wangu, ngege mzima, kwa gazeti.

Kitabu kilitaka mtindi. Dukani mtindi uliobaki ulikuwa wa stroberi. Woi! Stroberi kwa samaki? Lakini nyumbani nilikuwa na kibuyu cha mursik, imelala vizuri, na mkaa wa mti ndani yake kama kawaida yetu. Maziwa ya kuganda si ni maziwa ya kuganda? Nikakaanga vitunguu, tangawizi, manjano, iliki na mdalasini. Harufu ikapanda, nami nikaanza kucheza na mwiko mkononi. Kisha nikamimina mursik yote, na ule mchuzi ambao kwenye picha ni wa dhahabu ukawa rangi ya saruji.

Joseph, mume wangu, akachungulia. "Nini imekufa hapa ndani?"

"Toka jikoni kwangu!"

Hodi ikapigwa hapo hapo. Alikuwa Adongo, amekonda, amevaa koti zito. "Habari zenu," akasema, kama mgeni wa kanisa. Zamani angeingia na "Chamgei!" moja kubwa, salamu yetu ya Kinandi, mpaka kuku watawanyike. Akakaa kwenye ukingo wa kiti, mkoba magotini. Nikamuuliza kwa nini anauza.

Akatazama sakafu. "Jerop, sijui kama hapa bado niko na mtu wangu."

Moyo uliniuma. Nikaleta sufuria.

Alifunua, akaangalia mchuzi kwa muda. Akachukua kipande, akatafuna polepole, halafu akatafuna polepole zaidi. Mwishowe akatoa kitu mdomoni akakiweka kwenye kidole. Lilikuwa gamba, linang'aa kama kifungo cha shati.

"Jerop. Umepika samaki na koti lake?"

"Ndiyo utamu!"

"Nani amekuambia?"

"Mimi mwenyewe!"

"Na hii ya kijivu ni nini?"

"Mursik."

"Yawa!" Akashika kichwa. "Mursik! Ameweka mursik kwa Bengal!"

Basi akaanza. Alicheka mpaka akateleza kutoka kwenye kiti, mkoba huko, yeye huku. Mimi nikaangukia juu yake. Joseph naye akacheka bila kujua anacheka nini. Halafu tukalia kidogo, halafu tukacheka tena kwa sababu tulikuwa tunalia. Adongo akavua koti, akachovya kidole kwenye mchuzi, akalamba.

"Lakini ni tamu, mbaya wewe. Leta ugali."

Tukala tukitema magamba kwenye kisahani. Hata Joseph alichovya tonge lake, akikwepa macho ya samaki.

Simu ya Adongo ikalia. Alikuwa yule mwalimu, ameshafika mjini, anauliza njia ya kuja. Nikaacha kutafuna.

"Mwalimu, pole sana kwa safari," Adongo akasema, "ila nyumba haiuzwi tena." Akasikiliza. "Hapana, si bei. Kuna mama hapa anapika samaki na magamba yake. Siwezi kumwacha hivi."

Nilipiga nduru ambayo nafikiri hata mwalimu aliisikia. Nikamkumbatia na mikono yangu yenye mchuzi, akanisukuma akilalamikia blauzi yake. Kisha akavuta kile kitabu, akatafuta ukurasa wa Bengal, akaukunja upya.

"Hii ya leo haihesabiki," akasema. "Jumamosi tunarudia. Na usianze bila mimi."