Amplifaya ya Shangazi

Shangazi aliambiwa kwamba yeye ni kiziwi siku ya Jumapili, saa tisa mchana, sebuleni kwake mwenyewe, na aliyemwambia alikuwa anatafuna karanga za Shangazi huyohuyo.

"Shangazi, tumekaa tukalitazama jambo hili," alisema mtoto mkubwa wa marehemu kaka yake, akijipangusa chumvi vidoleni. "Masikio yako yamestaafu."

Huyu walimwita Mwenyekiti, kwa sababu hakuna kikao cha ukoo alichowahi kuhudhuria asikiongoze, hata kama kikao chenyewe kina watu wawili na mmoja amelala.

"Mmekaa wapi?" Shangazi aliuliza.

"Kwangu."

"Nani na nani?"

"Mimi na mama watoto."

"Na kura zilikwendaje?"

Kitinda, mdogo wao wa mwisho, akapaliwa na soda. Mke wa Mwenyekiti akamkata jicho la kumwambia ukacheke kwenu. Lakini kwa Shangazi ni kwao pia, basi akacheka.

Kisa chenyewe kilikuwa hiki. Kila Jumapili watoto hawa wa kaka walikuja kutazama sinema kwa Shangazi, maana ndiye pekee katika ukoo aliyekuwa na sinema ya nyumbani iliyokamilika: televisheni iliyokula nusu ya ukuta, spika tatu mbele, mbili nyuma ya makochi, na sabufa moja nene iliyokaa pembeni kama mkwe aliyesusa. Alijinunulia alipostaafu, wakati wenzake wakinunua viti vya kuegemea. Wote walitazama kimya. Ni Shangazi tu aliyekuwa akiuliza, "Amesemaje?" Siku hiyo Mwenyekiti alikuwa amemhesabia: mara ishirini na sita.

Kutoka hapo akaunga hoja zake kama mtu anayeunga viraka. Asiyesikia sinema hasikii gesi ikivuja. Asiyesikia gesi hasikii mwizi. Asiyesikia mwizi hafai kuishi peke yake. Kwa hiyo mwisho wa mwezi Shangazi angehamia chumba cha uani kwa Mwenyekiti, na nyumba yake ingepangishwa. Mpangaji alikwisha kupatikana, mwalimu, mtu mstaarabu, na Jumapili inayofuata jioni angekuja kuiona.

"Chumba ni kizuri, Shangazi," mke wa Mwenyekiti alisema. "Kina dirisha."

"Hata banda la kuku lina dirisha, mwanangu."

"Ama kweli, sikio la kufa..." Mwenyekiti alianza, akitikisa kichwa.

"Halisikii dawa," Shangazi akammalizia. "Langu halijafa. Limeusikia upuuzi wote huu tangu mwanzo, halikuacha hata punje. Shida iko kwenye mashine ile."

"Mashine! Mbona sisi tunasikia?"

Shangazi akawaongezea karanga, nao wakadhani wamemweza.

Kwa miaka thelathini na mmoja alikaa kwenye mtambo wa simu wa hospitali, akiunganisha wodi na wodi, daktari na daktari. Kazi ile ilikuwa na sheria moja iliyobandikwa ukutani: hujasikia, sema rudia. Usikisie. Kuna mwenzake kazini aliyeona haya kuuliza mara ya pili, akaitikia "ndiyo, ndiyo", akampeleka daktari wa upasuaji chumba cha kufulia. Daktari akakaa huko akimngoja mgonjwa, mgonjwa akakaa kwingine akimngoja daktari, na waliohudumiwa siku hiyo ni mashuka peke yao.

Kwa hiyo kwa Shangazi kuuliza hakukuwa aibu. Aibu ilikuwa kujifanya. Sikio lake la kushoto, lililovaa kisikilizio miaka yote hiyo, lilikuwa limechakaa kidogo, na hilo alilijua. Lakini akiwa sebuleni alisikia birika likianza kunung'unika jikoni, na wageni aliwajua kwa mwendo kabla hawajagonga geti. Hata sinema haikumshinda yote. Watu wakizungumza mezani kwa utulivu, aliwapata vizuri. Magari yakianza kugongana na muziki kuingia, maneno yalizama kama sukari kwenye chai: unajua yamo, lakini huyaoni.

Jumatano akamwita Fundi. Alikuwa mwanamke mfupi aliyechomeka bisibisi nyuma ya sikio mahali ambapo wengine huweka kalamu, na mtaa mzima ulimpelekea redio zake. Alisikiliza vurumai ya magari ya sinema dakika tano, kisha akaweka kiganja juu ya risiva, kile kisanduku kinachopokea sauti na kuzigawia spika zote. Akauondoa mkono upesi, maana kilikuwa cha moto.

"Mama, huyu anahema."

"Anaumwa?"

"Haumwi, ameelemewa. Ana kazi mbili: kufikiri sauti ipi iende wapi, na kuzisukuma spika tano kwa nguvu zake. Pakiwa shwari anaweza. Mabomu yakianza anaishiwa pumzi, sauti inakwaruza, na wa kwanza kupotea ni maneno ya watu."

"Nimtupe?"

"Umtupe na kichwa chake ni kizima? Tumtafutie mchukuzi. Amplifaya ya pembeni, ibebe spika tatu za mbele. Yeye abaki na hizi mbili za nyuma na kufikiri kwake. Sabufa ina nguvu zake yenyewe, haimtegemei mtu."

"Italeta kelele?"

"Ukitaka kelele, italeta. Wewe unataka nini?"

"Nataka maneno."

Jumapili ikafika. Fundi alikuja na sanduku jeusi la chuma lililowatoa jasho yeye na Kitinda kutoka getini hadi sebuleni. Halikuwa na kioo wala tarakimu wala rimoti. Lilikuwa na swichi moja mbele na matundu mgongoni, basi. Mwenyekiti alilizunguka mara mbili kama anayenunua ng'ombe.

"Ndilo hili? Shangazi, kipofu hanunuliwi balbu kubwa."

"Hanunuliwi. Ila na mwenye macho hakalishwi gizani akaambiwa ni kipofu. Keti, mwanangu. Fundi, ngoja kidogo, usiguse waya bado."

Akawasha sinema waliyoitazama Jumapili iliyopita, iliyotiwa sauti za Kiswahili. Mwanamke anashuka kwenye gari katikati ya mvua, honi zinalia, muziki unapanda, anamwambia mumewe jambo, mume anaangua kilio. Shangazi akasimamisha picha hapo. Akagawa karatasi na penseli.

"Andikeni alichosema."

"Sisi ni wanafunzi?" mke wa Mwenyekiti aliuliza.

"Ninyi ni wenye masikio. Andikeni."

Mwenyekiti aliandika haraka, akaifunika karatasi kwa mkono asije akanakiliwa. Zilipokusanywa, yake ilisema mwanamke amemwambia mumewe kwamba anampenda. Ya mkewe ilisema mwanamke ana mimba. Walitazamana kama watu waliokuwa wamekwenda harusi mbili tofauti.

Kitinda alikuwa bado anatafuna penseli.

"Mimi sijasikia," alisema mwishowe. "Na jamani, tusidanganyane, huwa sisikii. Huwa nacheka kaka akicheka."

"Na wewe," Shangazi alimgeukia Mwenyekiti, "huwa unachekea nini?"

"Mimi... yule jamaa anavyovaa."

Shangazi akaionyesha karatasi yake. Ilikuwa na neno moja: *Sijasikia.*

"Haya, Fundi. Kazi ni yako."

Mwenyekiti hakukubali kukaa bure. Alizishika waya za spika zilizotoka kwenye risiva, akainama nyuma ya amplifaya kutafuta pa kuzichomeka.

"Kaka, toa mkono," Fundi alisema. "Ukiziingiza hapo utaviunguza vyote viwili. Huku risiva ina matundu ya kutolea sauti changa, ambayo haijapewa nguvu. Hiyo ndiyo inayokwenda kwa mchukuzi. Waya za spika zinatoka kwake, si kwa huyu."

"Nilikuwa natazama tu."

"Tazama na mikono mfukoni."

Fundi alifanya kazi saa nzima. Alililaza sanduku peke yake kwenye rafu ya chini, akaacha nafasi juu yake lipate hewa. Akawasha risiva kwanza, kisha amplifaya. Akapima kila spika kwa kipaza sauti kidogo kilichowekwa Shangazi anapoketi, pasiwe na inayoifokea nyingine. Kisha akarudisha sauti kwenye namba ileile ya mwanzo, akamwonyesha Mwenyekiti asije akasema wameongeza.

Mvua ikanyesha tena kwenye televisheni. Honi zikalia, muziki ukapanda, mzito kuliko kwanza, na katikati yake sauti ya mwanamke ikasimama kwa miguu yake miwili:

"Mbwa nimempa jirani. Wewe nimekuachia gari, nalo halina mafuta."

Kitinda aliangua kicheko, na safari hii hakumsubiri mtu. Mke wa Mwenyekiti naye akacheka hadi akajifuta macho, halafu akaitazama karatasi yake yenye mimba, akaikunjakunja taratibu na kuifutika.

Wakaendelea. Akatokea mzee mmoja, amegeuza mgongo, anasema kitu ndani ya ndevu zake. Shangazi akainua rimoti.

"Amesemaje? Hapo sikumpata. Tumrudie."

Mwenyekiti akaruka kitini kama aliyefinywa. "Mmeona! Mashine mpya, masikio yaleyale! Nilisema mimi! Kila mtu hapa amemsikia mzee, Shangazi peke yake ndiye hakumsikia. Kweli si kweli?"

Kitinda akatazama chini. Ilikuwa kweli. Hata Fundi alijitia kuzungusha waya ambazo zilikwisha zungushwa.

Shangazi aliweka rimoti kwenye paja. Hakuharakisha.

"Kweli," alisema. "Nimekosa neno moja, na nimesema nimelikosa. Sikio la kushoto limechakaa, na nimelijua kabla hujaanza kunihesabia. Ninyi mmekosa sinema za miaka miwili, hakuna aliyefungua mdomo, na hakuna aliyewatafutia mpangaji. Niambie, baba, siku gesi ikivuja kwako, utangoja nani acheke kwanza?"

Mwenyekiti akaketi tena, na Shangazi akaendelea.

"Katika chumba hiki ni mimi ninayejua nisichokisikia. Mtu wa namna hiyo anaweza kukaa peke yake. Nitaishi humu. Na hata sikio hili likifa, na la pili likalifuata, nitaishi humu na uziwi wangu, kwenye kochi langu, na nitauliza mara mia kwa siku."

"Tunakutakia mema tu, Shangazi," mke wa Mwenyekiti alisema kwa sauti ndogo.

"Najua, mwanangu. Nitakieni mkiwa kwenu." Kisha kwa Mwenyekiti: "Mpigie mwalimu."

"Nitampigia kesho."

"Leo jioni anakuja. Mpigie sasa hivi, hapa, na simu uiweke spika."

Alitazama huku na huku akitafuta wa kumuunga mkono. Mkewe alikuwa anachagua karanga moja moja, kana kwamba ameambiwa kuna moja ya dhahabu. Akapiga.

"Mzee, shikamoo," sauti ya mwalimu ikajaa sebule. "Ndiyo kwanza nafunga mlango nije kuiona nyumba."

"Marahaba, mwalimu. Usije. Nyumba... haipo tena."

"Imebomoka?"

"Hapana, haijabomoka. Ina mtu."

"Mpangaji mwingine? Si tulikubaliana, mzee wangu?"

Mwenyekiti akamtazama Shangazi. Shangazi alikuwa ameinamia upande wake, sikio la kulia mbele, akisubiri kama mtu mwenye siku nzima mbele yake.

"Mwenyewe," Mwenyekiti alisema. "Ina mwenyewe, mwalimu. Na hahami."

Shangazi akamrudisha yule mzee mwenye ndevu, akamsikiliza hadi akampata.