Kitambaa Chekundu Nyuma ya Ndege

Mimi Pauline sina breki ya mdomo, soko lote la Bungoma linajua. Kwa hivyo siku ile nilipofika Kitale na kumkuta ndugu yangu Levi ameketi chumbani kwake mbele ya kompyuta, na mama yetu hajulikani aliko tangu juzi, nilimfokea hata kabla ya kuweka mkoba chini.

"Levi! Watu wanazunguka mashamba wakiita mama, wewe unaangalia ndege?"

"Natafuta picha yake, dada. Polisi wanataka picha."

"Si utoe moja basi! Ukoo mzima ni wewe tu uko na kamera."

Aliendelea kubonyeza, ndege mmoja akienda, mwingine akija.

Mama yetu Nasimiyu alikuwa ameanza kusahau. Alianza na siku za soko, akaja kwa majina yetu, mwishowe ikawa anatoka nyumbani akisema anarudi kwao, na kwao walishakufa wote. Alikuwa akikaa kwetu Tongaren na Jentrix, mke wa Levi. Jentrix alienda kusagisha mahindi, kurudi akakuta kiti kitupu na maharagwe yamemwagika. Jirani alisema alimwona mama akipandishwa lori la mahindi, lakini lori la nani na linaenda wapi, hakuna aliyejua. Kitambulisho kilishapotea kitambo. Jina lake mwenyewe siku nyingine alilikumbuka, siku nyingine hakulikumbuka. Mtu wa namna hiyo atarudishwaje nyumbani, kama si kwa kutambuliwa sura? Tulihitaji sura yake tu.

Na hapo ndipo tulipokwama, kwa sababu ya hao ndege wa Levi.

Ndugu yangu ni karani wa ofisi ya kilimo, mtu mpole, na ugonjwa wake ni ndege wadogo. Kila Jumamosi alikuja Tongaren na kamera yake ndefu, akajibanza ukutani akingoja chozi, kale kandege kadogo kenye mdomo uliopinda, kanakonyonya maua. Maua yalikuwa uani kwa mama, na mama alikuwa akikaa hapo hapo kuchambua maharagwe. Ndege walimzoea. Akiwepo wanakuja mpaka karibu na bega lake, akiinuka wote wanapaa. Kwa hivyo Levi alimkalisha.

"Mama, usiinuke."

"Nimekaa, papa. Nimekaa." Papa ni baba; ndivyo alivyomwita mwanawe.

Siku hizo mama alijifunga kitambaa chake chekundu cha kanisa. Mimi nilimuuliza, kwani leo kuna ibada? Akacheka, akaniambia, "Mtoto wangu ananipiga picha." Nilimtazama Levi, Levi akaangalia kando. Hakumwambia ukweli, na mimi pia ningemwambiaje?

Zile picha alizipeleka saiba, kwenye duka la intaneti, akaziweka kwenye mtandao wa watu wanaopenda ndege, wazungu kwa Wahindi, watu wasiojua hata Kitale iko wapi. Wakamsifu. Halafu mmoja akamwandikia kwamba ndege ni mzuri, lakini hicho kitu chekundu kilicho nyuma kinasumbua macho, akikate. Levi akakikata. Tangu siku hiyo akajifunza kukata mpaka ndege anajaa picha yote. Mtandao wenyewe ulikuwa unakataa picha kubwa, na pale saiba intaneti ilikuwa inajikokota kama mgonjwa, kwa hivyo alikata kwanza, akahifadhi ile iliyokatwa juu ya ile nzima, kisha akafuta kadi ya kamera ipate nafasi ya Jumamosi inayofuata. Mwaka mzima mama alikaa mbele ya kamera, na mwaka mzima alikatwa.

"Huyu hapa," Levi aliniambia siku hiyo, akigusa kioo. Pembeni mwa ndege palikuwa na kipande chekundu, kadiri ya punje ya maharagwe.

"Huyo ni mama? Polisi watatafuta hicho?"

Tulipata kiwiko chake. Tukapata ncha ya kidole juu ya ungo. Mwishoni kabisa ikatokea picha moja nzima, aliyoiacha kwa sababu ndege alikuwa amejificha nusu nyuma ya jani. Mama alikuwamo mwili mzima, amekaa, ameangalia kamera. Nilipiga kelele za furaha. Levi akaivuta ikawa kubwa, nami nikaona hakuna macho wala mdomo, ni ukungu tu, kama mtu anayeonekana kupitia karatasi ya nailoni.

"Kamera ilikuwa imeshika ndege," alisema polepole. "Ikishika kilicho karibu, cha nyuma kinafifia."

Nilimchukia ndugu yangu saa hiyo, nasema ukweli. Nilitaka kuibeba hiyo kompyuta niitupe nje. Badala yake nikakaa chini kwenye sakafu nikalia, na yeye akalia, na kulia hakukutusaidia kitu.

Simu yangu ilikuwa ya tochi tu, haina kamera. Albamu ya nyumbani ililiwa na mchwa. Iliyobaki ni picha moja ya ukutani kule Tongaren, ya studio, nyeusi na nyeupe: mama akiwa msichana hajaolewa, gauni la marinda, mkono umeshika kiti. Uso ulikuwa wake kwa mwenye kumjua. Tukaitoa kwenye fremu tukaipeleka saiba.

Levi akatengeneza karatasi ya tangazo la kumtafuta mama kama anavyotengeneza ndege wake. Akakata kiti, akakata gauni, akakata mpaka uso ukajaa karatasi, na maneno akayabana chini kabisa, mstari mwembamba kama siafu wakipita.

"Andika kubwa kwamba ni mzee," nilimwambia. "Andika nywele ni nyeupe, anasahau. Hii inaonyesha msichana!"

"Dada, watu hawasomi. Watu huangalia picha. Ikijaa inavuta macho."

"Levi, huyu si ndege!"

"Hii kazi naijua, bana. Niachie."

Tulibishana mpaka mwenye saiba akatuomba tushushe sauti. Akashinda Levi, maana mashine yeye ndiye anaijua. Tukazibandika karatasi Kitale, Bungoma, Cheptais, mpaka kule Suam mlimani, mpakani mwa Uganda, yeye akipaka gundi mimi nikishika.

Wiki haikuisha polisi wakatuita. Kikongwe amepatikana kando ya barabara chini ya Suam, baada ya usiku wa mvua. Pale mochari nilimtambua kabla hawajamfunua vizuri. Miguu ilikuwa na matope mpaka magotini. Wololo, mama yangu! Baridi ya mlima ule, na yeye hata sweta hakuwa nayo.

Tulimzika Tongaren. Levi hakula, na kamera hakuishika tena. Kitu kimoja tu kilimsumbua: mama alilala wapi zile siku zote? Nani alimpa chakula? Kwa hivyo baada ya matanga tukapanda Suam kuuliza, tumshukuru huyo mtu kama yupo.

Karatasi yetu tuliikuta bado iko kwenye mlango wa kibanda cha chai. Mwenye kibanda alikuwa mama mmoja Mwislamu, anaitwa Mulki, mtu wa maneno ya upole. Nilipomweleza kikongwe mfupi, nywele nyeupe, anayeuliza njia ya kwao, akaweka birika chini.

"Innalillahi. Amekufa? Huyo shosho, huyo bibi, alikaa hapa kwangu. Nilimpa chai, akalala, na kesho yake pia akalala. Nikamuuliza jina, hakujua."

"Lakini karatasi iko hapa!" Levi alipaza sauti, na ndugu yangu si mtu wa kupaza sauti. "Iko hapa mlangoni kwako! Alikuwa ndani, na karatasi iko hapa!"

Mulki alimwangalia, akaangalia mlango, hakuelewa.

"Hiyo ni ya msichana aliyepotea," alisema. "Mimi kusoma sikusoma, kaka, naona picha tu. Nimemtafuta sana huyo mtoto. Kila msichana akivuka hapa kwenda Uganda, namwangalia usoni."

Levi alishika nguzo ya kibanda.

"Hata shosho alimwonea huruma," Mulki akaendelea, hajui anatufanya nini. "Alisimama hapo mlangoni muda mrefu. Akaniuliza, huyu mtoto ni wa nani? Nikamwambia amepotea, watu wake wanamtafuta. Akalia. Jioni nikamwona anafunga leso, anasema anaenda kusaidia kumtafuta. Nikamwambia, shosho kaa, mvua inakuja. Akanijibu, 'Na huyo mtoto wa watu, si atanyeshewa?'"