Jembe la Babu Beda na Amri ya Tatu

Mwalimu Wilibrodi alikuwa na swali moja tu maishani, na alilipenda kuliko ugali wa ulezi: "Chanzo chako nini?" Ukimwambia bei ya sukari imepanda, jambo ambalo mwaka ule wa 2008 lilikuwa halihitaji shahidi, alikutazama juu ya miwani na kukuuliza umelisoma wapi. Watu wa Sumbawanga walimwita Mwalimu Chanzo, naye hakuchukia. Kuna wanaoitwa majina mabaya zaidi.

Alikuwa amestaafu kufundisha jiografia, lakini mdomo wa mwalimu haustaafu. Nchi ilikuwa imefunguliwa: kampuni za simu zikigombania vilima vya kusimika minara yao, mitumba ikimwagwa sokoni kwa marobota, na kila mwenye kibanda na waya wa umeme akiandika "Intaneti" juu ya mlango. Kibanda cha Fabiani, nyuma ya soko, kilikuwa na kompyuta tano, na siku njema tatu zilikubali kuwaka. Humo ndimo mwalimu alimofundisha kila Jumamosi asubuhi wageni wa kamusi elezo ya mtandaoni, ile ambayo mtu yeyote anaweza kuiandika na mtu yeyote akaifuta. Ukutani alibandika karatasi ya manila yenye amri tatu. Kwanza, chanzo kiwe kimechapishwa. Pili, kiwe na jina la aliyekiandika. Tatu, maneno ya bibi yako si chanzo. Hii ya tatu aliipigia mistari miwili.

Na alikuwa mkali, haki ya Mungu. Kijana mmoja aliandika kwamba Sumbawanga radi huuzwa kwenye kibuyu, akaweka gazeti la udaku kuwa chanzo. Mwalimu aliyafuta maneno hayo mbele ya darasa zima. "Na wewe kanunue moja," akamwambia, "labda itakuzibua akili."

Makala moja tu haikuguswa na mtu. Ilikuwa yake mwenyewe, kuhusu tanuru la kuyeyushia chuma lililosimama juu ya kijiji cha kwao, upande wa Mwazye. Ilisema kwamba mfua chuma wa mwisho wa pale alikuwa Mzee Beda, aliyeendelea kuyeyusha mawe hadi miaka ya thelathini, wakati wenzake wote wameshashindwa na majembe ya dukani. Na kwamba majembe yake ndiyo yaliyotolewa mahari upande ule wote, maana enzi hizo ukweni hawakupokea jembe lisilotoka tanuruni. Beda alikuwa babu yake. Chanzo kilikuwa kitabu kidogo cha jubilei ya parokia, kimechapishwa, kina jina la mwandishi, katekista Polikarp. Amri zote zimetimia.

Sasa kijiji kilikuwa kimejenga mnara mdogo wa kumbukumbu, wa saruji, kando ya tanuru. Jumapili ya wiki iliyofuata diwani angekuja kuufunua, na maneno yaliyochorwa juu yake yalinakiliwa kutoka kwenye makala ile, neno kwa neno. Mwalimu alishapeleka suti kwa dobi, na alishajiandikia hotuba ya kurasa nne.

Ndipo akaja Kija. Binti wa Kisukuma, kamaliza kidato cha sita. Wazazi wake walihamia bonde la Rukwa na ng'ombe wao yeye akiwa bado mgongoni.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Chanzo chako nini?"

"Cha nini, mwalimu? Sijasema kitu."

"Hilo ndilo jibu zuri kuliko yote niliyosikia mwaka huu. Kaa."

Zoezi la kwanza la kila mgeni lilikuwa lilelile: chagua makala, fuata chanzo chake mpaka mzizini, uone aliyeandika alijuaje. Wengine walichagua maziwa na milima. Kija alichagua tanuru.

"Nimeona ndiyo makala safi kuliko zote," alisema. "Bora nijifunzie hapo."

Mwalimu alicheka mpaka jino la nyuma likaonekana. Masikini, kikulacho ki nguoni mwako.

Jumamosi iliyofuata Kija alirudi na tope la barabara ya Mwazye mpaka magotini, na daftari mkononi. Alisubiri wenzake waondoke kwanza. Alikuwa binti mwenye adabu.

"Mwalimu, nilimkuta katekista Polikarp. Mzee sana, lakini kumbukumbu anayo. Nikamuuliza habari za Mzee Beda alizipata wapi." Alifungua daftari, ingawa hakulihitaji. "Anasema ulimweleza wewe. Kwenye sherehe ya ubatizo wa mtoto wako Clemens, mkinywa pombe ya kimpumu. Anasema mlikuwa mmefika chungu cha tatu."

Mwalimu alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Alikumbuka vizuri mno. Chungu cha kimpumu katikati, mirija mirefu imezama ndani, na yeye, kijana mwenye cheti kipya cha ualimu, akimtukuza babu ambaye hakuwahi kumwona ameshika nyundo. Yeye alimsimulia Polikarp, Polikarp akachapisha, naye akamnukuu Polikarp. Miaka yote hiyo alikuwa shahidi wake mwenyewe, tena bila kuvunja amri hata moja.

"Kuna lingine," Kija alisema kwa sauti ya chini. "Katekista alinionyesha shajara ya padre wa zamani, imo kwenye sanduku pale parokiani. Nimenakili ya mwaka 1931." Akasoma: "Beda amenunua tena majembe ishirini kwa Mhindi wa bomani. Anayatia moto, anayagonga nyundo kidogo, anayapaka masizi na mafuta ya nyonyo, kisha anayauza kuwa ya tanuru. Nimemkemea. Amenijibu kwamba wakwe wanataka jembe jeusi, hawajali limezaliwa wapi."

"Nani kakutuma kupekua masanduku ya watu?" mwalimu alifoka.

"Wewe, mwalimu."

Lo! Aliona aibu. Babu yake, ambaye jina lake lilimpandisha kichwa tangu darasa la kwanza, alikuwa mlanguzi! Tena alianza biashara huria nusu karne kabla ya serikali. Kwanza alimchukia Kija, kisha akamchukia Polikarp, kisha akabaki hana wa kumchukia ila yeye. Na kesho yake ndiyo ilikuwa Jumapili yenyewe.

Lakini mwalimu ni mwalimu. Aliketi kwenye kompyuta, akafuta sifa za Beda, akaandika habari za masizi na mafuta ya nyonyo, na chini akaweka chanzo: shajara ya padre, iliyohifadhiwa parokiani. Chai yake haijapoa, makala ikarudishwa ilivyokuwa. Kulikuwa na ujumbe: "Ndugu mchangiaji, shajara isiyochapishwa si chanzo. Kitabu cha jubilei kimechapishwa. Tafadhali usiharibu makala nzuri." Mwenye ujumbe alikuwa Fabiani, aliyeketi kompyuta ya pili, hatua mbili kutoka alipo yeye.

"Fabiani, ni mimi!"

"Najua, mwalimu." Fabiani alinyoosha kidole ukutani, kwenye manila. "Amri ya kwanza. Poa?"

Haikuwa poa hata kidogo.

Nyumbani alimkuta mkewe, Redempta, anachambua maharage. Alimweleza yote, akitarajia pole. Redempta alijifuta mikono, akaenda nyuma ya mlango, akarudi na jembe lake la kila siku.

"Unalijua hili?"

"Jembe."

"Jembe la mahari yangu, Baba Clemens. Lilitoka kwenye akiba ya babu yako. Wazee wenu walilileta kwetu wamelifunga kwa kitambaa cheupe, na mama akanirudishia nilipojifungua." Alifuta udongo shingoni mwa jembe, karibu na mpini. Ikatokea nyota ndogo iliyogongwa kwenye chuma, na chini yake maandishi ya kigeni, alama ya kiwanda. "Mama aliliosha siku ileile mlipoondoka. Akaona."

"Mkanyamaza?"

"Tungefanyaje? Kuku mlikuwa mmeshakula. Na jembe zuri, mpaka leo linalima."

"Miaka thelathini na nane, Mama Clemens! Kwa nini hukuniambia?"

"Hukuniuliza. Wewe unauliza vitabu." Alilirudisha jembe nyuma ya mlango. "Sasa, kesho utasema wewe, au niseme mimi?"

Alisema yeye. Alisimama mbele ya kijiji kizima amevaa suti ya dobi, akaiacha hotuba mfukoni, akainua jembe la mkewe juu na kueleza kila kitu: duka, masizi, nyonyo, chungu cha tatu. Alimaliza sauti inakwaruza. Upande wa wanaume, wazee waliopeleka majembe yale ukweni kwa mikono miwili walianza kukagua viatu vyao.

Kicheko kilianzia upande wa wanawake. Bibi Silvana, aliyekuwa mkongwe kuliko wote, alipiga makofi na kusema, "Hata letu lina nyota!" Mwingine akadakia, "Na letu!" Wakacheka, wakaegemeana, wakafuta machozi kwa khanga. Walikuwa wakijua wote, mama kwa binti, tangu enzi za Beda mwenyewe.

Diwani hakuwa mtu wa kupoteza mkutano. Alichukua kipaza sauti, akasema, "Mnaona unyenyekevu wa wasomi wetu!" na akavuta kitambaa. Maneno yalikuwa yaleyale. Saruji ilikuwa imekauka tangu Alhamisi.

Jumamosi mwalimu alifungua makala mbele ya darasa. Sasa ilikuwa na vyanzo viwili: kitabu cha jubilei, na mnara wa kumbukumbu, picha imepigwa na Fabiani.

"Wale akina mama, mwalimu," Kija alisema, "nimewaandika majina, wako kumi na saba. Na majembe nimeyaona kwa macho yangu. Tuwaweke?"

Mwalimu aliitazama amri ya tatu na mistari yake miwili, mwandiko wake mwenyewe.

"Hairuhusiwi," alisema, akaifunga makala.

Alirudi nyumbani mchana. Mvua zilikuwa zinaishia, na Redempta alikuwa uani amejifunga khanga, anataka kwenda kufukia nyasi kwenye matuta ya maharage.

"Wameandikaje?" aliuliza.

"Vilevile. Na mnara wameuongeza."

"Sisi hatumo?"

"Hamumo, mke wangu. Nisamehe. Amri niliandika mimi."

Redempta akamkabidhi jembe, mpini mbele.

"Haya, mgeni," alisema. "Vua viatu, twende."

Mwalimu alivua viatu. Jembe lilikuwa zito kuliko alivyodhani.